Kinywa cha Wafalme Wawili

Siku ambayo Mji ule uliuana kwa ajili ya jina moja, jua lilipanda mpaka utosini likagoma kuteremka. Walionusurika wanasema hivyo kwa kauli moja, na si ajabu, kwa kuwa mwadhini alikuwa amekufa. Fujo zilipoanza alipanda juu ya paa la msikiti akiamini kwamba adhana ingewatuliza watu, akapigwa risasi mikono bado iko masikioni. Tangu hapo hakukuwa na mtu wa kuukata mchana vipande, huu wa kazi, huu wa sala, huu wa kujinyoosha kidogo. Mchana ulibaki mzima kama ngozi isiyotiwa kisu. Katika vichochoro vile vyembamba, ambako kivuli ndicho saa ya kila mtu, kivuli kilijikunja chini ya kuta kikatulia hapo hapo. Watu walipigana ndani ya adhuhuri moja isiyopita.

Mji wenyewe haukuwa na jina. Au ulikuwa nalo, likafutwa na kuandikwa upya mara nyingi hata karatasi ikatoboka. Mwaka tunaujua, waandishi waliuandika elfu na tisini na tisa. Mfalme hatumjui. Alikuwako mmoja, akaondolewa, akawekwa mwingine. Watu walipoona kwamba majina ya wafalme yanachoma ulimi, wakaanza kuwaita kwa yale waliyotendewa. Mmoja wakamwita Aliyetolewa, wa pili wakamwita Aliyewekwa. Ukiyasikiliza vizuri majina hayo utaona kwamba hakuna hata moja linalosema mfalme alifanya nini. Yote mawili yanasema alifanywa. Mkono uliotoa na mkono ulioweka haukuwa na jina, na hakuna aliyeuliza ni mmoja au ni miwili.

Katika adhuhuri hiyo alikuwamo Mkame wa Vuai, mpiga mbiu wa Mji, mtu mrefu mwenye kifua cha ngoma na miguu ya korongo. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akizunguka na pembe yake ya nyati, akiipuliza mara tatu kwenye kila njiapanda, kisha akiyatoa maneno aliyopewa: fulani amefariki, atazikwa baada ya alasiri, kisima kitasafishwa kesho, tekeni leo, mwezi umeonekana. Wanawake walisimamisha mchi kinuni ili wamsikie. Hakuwa amepata kusema uongo, na sababu aliijua mwenyewe: hapakuwa na mtu aliyewahi kumpa uongo autangaze. Lakini watu walidhani ukweli ule ulikuwa wake, na kadiri miaka ilivyokwenda naye akaanza kudhani hivyo hivyo.

Miezi mitatu kabla ya siku ile, wazee wa baraza walimwita wakampa maneno manne tu: mfalme si mfalme tena. Akatoka, akapuliza, akasema. Baadaye ndipo alipojua kwamba wakati anasema, mfalme alikuwa birikani anajimwagia maji, hana habari. Na waliotumwa kwenda kumkamata walikuwa bado wanavaa viatu. Kwa hiyo kulikuwa na muda, mfupi wa kwenda njia moja tu, ambapo mfalme alikuwa ameanguka ndani ya kinywa cha Mkame na si mahali pengine popote. Muda huo haukumtoka. Alilala nao, akaamka nao. Ni nani aliyemwangusha? Panga? Panga zilikuwa zingali alani. Wazee? Wazee walikuwa wamekaa wanatafuna tambuu. Basi ni neno. Na kama ni neno, neno ni la nani, la anayelituma au la anayelibeba? Mpagazi hawi mwenye mzigo. Lakini mzigo ukimwangukia mtu akafa, macho yote humgeukia mpagazi.

Ijumaa ile mambo yalianzia msikitini. Desturi ilikuwa jina la mfalme litajwe katika hotuba na kuombewa umri. Khatibu alipofika hapo akavuta pumzi, na katika pumzi hiyo mtu wa safu ya mbele akasimama, akalitaja jina la zamani. Wengine wakaitikia amina. Wengine wakasema hasha. Viatu vilikuwa vimepangwa mlangoni, na chini ya viatu, kama ilivyodhihirika punde, majambia. Kutoka pale watu walimwagika njiani, na Njia Kuu, ambayo punda wawili hawawezi kupishana bila mmoja kulaza masikio, ikajaa watu waliojuana tangu utoto, wakichinjana kwa uangalifu mkubwa, kama watu wanaofanya kazi ya fundi mgeni na kuogopa kuikosea.

Mara ya kwanza watu wa Aliyetolewa walipoishika njia, walimtoa Mkame katika daka la mlango wa nyumba alimojibanza, wakamtaka atangaze kuwa mfalme wa zamani amerudi. Akatangaza. Njia ikapokonywa. Watu wa Aliyewekwa wakamtoa katika daka lile lile, wakamtaka atangaze kuwa mfalme ni huyu huyu wa sasa. Akatangaza. Mara ya tatu hakungoja kutolewa. Alipoona rangi ya vilemba imebadilika, alijitokeza akapuliza mwenyewe. Na kila aliposema alitazama kama kuna kitu kitakachogeuka, ukuta uegemee upande mwingine, damu irudi ilikotoka. Hakuna kilichogeuka ila vilemba. Wafalme wenyewe hawakuonekana. Aliyewekwa alikuwa kasrini, nyuma ya milango saba. Aliyetolewa, ilisemekana, alikuwa juu ya kilima nje ya Mji, anatazama vumbi.

Mwishowe watu wa Aliyetolewa walivunjika. Wengi walikimbilia lango la mashamba. Waliobaki, kama arobaini, pamoja na wanawake waliokutwa na vita njiani, walijifungia katika nyumba ya Mtumweni mfua chuma, inayotazamana na kisima. Mtumweni huyu alikuwa mkwe wa Mkame. Alikuwa amemwoa Mize, binti pekee wa mpiga mbiu, na Mize alikuwa humo ndani.

Risasi zilipowaishia, Mtumweni aling'oa misumari ya mlango wake mwenyewe, misumari minene aliyoifua kwa mkono wake siku za kuposa ili mkwe wake aone anamwoza binti yake kwa mtu wa kazi. Akaikata vipande, wakaishindilia katika bunduki, wakairusha njiani. Sasa misumari nayo ilikuwa imekwisha. Mlango ulisimama na matundu yake, safu juu ya safu, kama ubao wa bao uliotobolewa ukatokeza upande wa pili.

Amiri Shekuwe, aliyewaongoza watu wa Aliyewekwa, alijikinga nyuma ya ukuta mfupi wa kisima. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, jicho moja limevimba kwa moshi wa baruti. Alikuwa na watu ishirini hapo chini, na juu ya paa la msikiti alikuwa na wengine kumi na wawili wenye bunduki za utambi. Akamwita Mkame.

"Mzee Mkame, humo ndani wana maji?"

"Nitajuaje, Bwana Amiri?"

"Hawana. Birika la nyumba ile lina ufa tangu kusi iliyopita. Mtumweni aliniomba fundi, nami nikachelewa kumpelekea." Alisema hivyo kwa masikitiko ya jirani. "Sasa nina njia mbili. Ya kwanza ni ile pale."

Akaonyesha kwa kidevu. Watu wawili walikuwa wakifunga makuti makavu kwenye ncha za miti mirefu. Kando yao palikuwa na chungu cha mafuta.

"Ya pili ni wewe."

"Mimi?"

"Tangaza amani. Wanawake watoke kwanza, waje wateke maji. Wanaume wakiona wake zao wamekunywa na hawakuguswa, watatoka wenyewe na kuweka silaha. Hafi mtu zaidi ya hawa waliokwisha kufa."

"Ni kweli, Bwana Amiri?"

Shekuwe alimtazama kwa lile jicho zima. Hakukasirika. "Umetangaza mambo mangapi katika Mji huu, mzee wangu? Uliuliza lini kama ni kweli?"

"Humo ndani yumo mwanangu."

"Ndiyo maana nimekuita wewe. Pembe ningeweza kumpa mtu yeyote."

"Na wale wa juu?"

"Wa juu ni watu wangu. Nitawaambia."

Kutoka kisimani hadi mlango wa Mtumweni ni hatua arobaini. Mkame alikuwa amezipita mara elfu, kwenda kumjulia hali mtoto, kwenda kula wali wa sikukuu. Siku ile zilinyooka. Alitembea, na kwa mbali mbele yake akauona mgongo wa mpiga mbiu mwingine, ukanda wa pembe begani, akielekea mlango ule ule. Na nyuma yake akasikia nyayo za mwingine tena, nyepesi, za mtu ambaye hajazaliwa. Wote walikuwa na kifua chake. Hakushangaa. Katika adhuhuri isiyopita, kila aliyewahi kutumwa na kila atakayetumwa wanaweza kukutana njia moja, na yeye alikuwa katikati yao kama shanga katika uzi, asiyejua ni wa ngapi. Maiti zililala kando ya baraza kwa adabu, zimempisha. Akasema na nafsi yake, kwa vipande, jinsi mtu anavyosema akiwa anapanda ngazi ndefu.

Nikikataa, makuti. Nikikubali, labda. Labda ni kubwa kuliko makuti. Neno langu lilimwangusha mfalme. Halitashindwa kumfunga amiri. Nikishasema mbele ya wote kwamba amani ipo, itakuwapo, itabidi iwepo, wataona haya kuivunja. Wataona haya? Wamechinjana wakitoka msikitini. Lakini Shekuwe amenitazama usoni. Mtu mwongo hatazami usoni. Au mwongo mzuri ndiye anayetazama. Mimi nani? Mimi ni mdomo. Hapana, mimi ni baba. Baba mwenye mdomo. Na pembe hii, je, inajua nyati wake alikufaje?

Akafika. Akapuliza mara tatu. Sauti ikagonga kuta, ikaenda, ikarudi.

"Sikilizeni! Sikilizeni mlio ndani na mlio nje! Amiri ametoa amani! Wanawake watoke wateke maji! Hapana wa kuguswa! Aliyesikia amwambie asiyesikia!"

Sauti nzito ya Mtumweni ikatoka nyuma ya mbao.

"Mkwe, pembe hiyo wameishika wao. Ondoka mlangoni, tafadhali, nisije nikakukosea adabu."

"Mtumweni, wana makuti na mafuta. Nimeyaona."

"Tumeyaona na sisi."

Pakawa na mnong'ono ndani, na miguu ikiburuzwa. Kisha katika tundu moja la msumari, kimo cha kifua cha Mkame, likatokea jicho. Alilijua. Alilijua tangu lilipofumbuka mara ya kwanza katika mikono ya mkunga.

"Baba."

"Mwanangu."

"Umeumia?"

"Sijaumia. Ninyi je?"

"Mama mkwe hawezi kusema tena. Ulimi umemkauka, tunamlamba midomo kama ndama." Jicho likafumba, likafumbua. "Baba, nikuulize. Anayesema ni wewe, au ni pembe?"

Miezi mitatu Mkame alikuwa akilitafuta swali lake, akilizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba gizani kwa kupapasa kuta. Sasa mtoto wake alikuwa amelitoa, dogo, zima, kupitia tundu la msumari, na jibu lilitakiwa hapo hapo kwa sababu watu walikuwa na kiu. Angeweza kusema ni pembe. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli anayoijua: kwamba ametumwa, kwamba hana hakika, kwamba ya juu ya paa hayajui. Angesema hivyo, Mize angerudi ndani, na makuti yangewashwa. Alinusa mafuta. Upepo ulikuwa unayaleta hadi pale aliposimama.

"Ni mimi," akasema. "Nasema mimi, baba yako."

Jicho likaondoka. Akamsikia akisema na watu ndani, sauti yake imepanda, ile sauti ya kifua aliyoirithi.

"Huyo ni baba yangu. Mmemsikia tangu mlipozaliwa. Lini amesema mwezi umeonekana na haukuonekana?"

"Mize, usifungue," alisema Mtumweni.

"Mama yako anakufa, Mtumweni. Anakufa kwa kiu, na kisima kile pale."

"Mize."

"Baba yangu amesema ni yeye."

Komeo likaburuzwa. Mlango ukafunguka kwa upana wa mtu mmoja. Mize hakutoka, alisimama hapo, bega lake limeushikilia mlango, akiwapitisha wanawake mmoja mmoja, akimgusa kila mmoja mgongoni kama mwalimu anayehesabu watoto. Nenda, nenda, baba yuko hapo. Wa kwanza alikuwa mama yake Mtumweni, Bi Mashavu, akiongozwa mkono na Zaliha, bibi harusi wa mwezi uliopita, hina bado iko miguuni. Wawili walisita kizingitini. Mize aliwabembeleza kwa sauti ya chini, nao wakaenda. Walikuwa kumi na mmoja, wenye mitungi na wasio na mitungi, wakitembea kwenye jua lile lililosimama, macho yameminywa kwa sababu ya kutoka gizani.

Wakafika kisimani. Watu wa Shekuwe wakasimama, bunduki wakaziegemeza ukutani. Mmoja wao, mwenye ndevu nyekundu za hina, alichukua kamba akaanza kuvuta maji mwenyewe, akasema, "Pole, mama, pole, usinywe kwa pupa." Bi Mashavu aliipokea kata kwa mikono miwili akanywa, maji yakimtiririka shingoni. Mkame alikuwa bado mlangoni, na alipoona maji yale yakimeta katika mikunjo ya shingo ya bibi yule, kifua kilimfunguka. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameisema, na imekuwa. Kwa muda wa kata moja ya maji, Mkame wa Vuai alikuwa na nguvu kuliko wafalme wawili.

Bunduki za paani zililia kwa pamoja.

Wale kumi na wawili waliokuwa juu walikuwa wakifyatua tangu jina la kwanza lilipotajwa. Ili masikio yasipasuke walikuwa wameyaziba kwa sufi za mito. Hawakusikia pembe, hawakusikia amani. Walichokiona kupitia moshi ni watu kutoka nyumba ya adui wamekizunguka kisima, na wenzao wamesimama mikono mitupu kama mateka. Walifanya kile ambacho mtu yeyote angekifanya kwa ajili ya wenzake. Wakatia baruti, wakafyatua tena. Mwenye ndevu nyekundu alianguka wa kwanza, kamba bado iko mkononi. Zaliha alikaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka.

"Amani!" Mkame alipiga kelele. Alikimbia katikati ya njia, pembe mdomoni, akipuliza kuelekea juu, mara tatu, mara sita, mara zisizo na idadi. "Amani! Nimetangaza! Nimetangaza amani!" Waliinamia bunduki zao hawakugeuka. Kutoka chini aliona kitu cheupe katika sikio la mmoja wao, kidogo kama yai la mjusi, na hapo akaelewa.

Mtumweni alitoka. Hakuwa na silaha, alikuwa amevua hata mkanda. Alimpita mkewe, akampita baba mkwe wake kwa umbali wa mkono, na katika kumpita akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umetangaza vizuri, mkwe." Akafika kisimani, akamwinua mama yake ambaye hakuwa na uhai tena, akageuka ili arudi naye nyumbani. Risasi ilimkuta anageuka.

Ndipo mtu mmoja wa Shekuwe alipofika juu ya paa na kuwashika wale watu mabega. Wakatoa sufi masikioni. Wakatazama chini. Wanaume waliobaki ndani walitoka mikono juu, na hakuna aliyewagusa, na vita vya Mji vikaisha jinsi vinavyoisha vitu vingi, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekumbuka hatua inayofuata. Akaja mpanda punda kutoka upande wa mashamba, akasema Aliyetolewa ameondoka kilimani zamani, kabla hata watu wake hawajajifungia. Habari ile ilipokewa kama habari ya mvua ya nchi nyingine.

Mkame alimkuta Shekuwe ameketi juu ya ukuta wa kisima, kilemba chake kimefunguka kiko mapajani.

"Ulisema utawaambia wa juu."

"Niliwapungia kilemba."

"Walikuona?"

"Sijui." Akakitazama kile kitambaa. "Moshi ulikuwa mwingi. Nilidhani wameniona. Mmoja aliinua mkono. Labda alikuwa anajifuta jasho."

Mkame alimchungulia yule mtu usoni muda mrefu, jicho zima na jicho bovu, akitafuta uongo. Angeupata, angeushika, angemchukia mwenye nao mpaka siku ya kufa, na chuki hiyo ingekuwa nyumba ya kuishi. Hakuupata. Palikuwa na mtu aliyechoka tu, ambaye amri yake ilikuwa na urefu wa kitambaa. Juu yake alikuwako mfalme ambaye amri yake ilikuwa na urefu wa Shekuwe. Na juu ya mfalme? Mkame alipandisha fikira zake ngazi kwa ngazi, akitafuta yule ambaye neno hutoka kwake na si kupita kwake, na kila alipofika alikuta mtu mwingine ameshika pembe.

"Tangaza ushindi wa mfalme," alisema Shekuwe, hakuinua kichwa. "Watu watoke wazike."

Mkame akatangaza. Sauti ilitoka vizuri, haikukwaruza hata kidogo, na hilo lilimtia hofu. Akapita Njia Kuu toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna mlango uliofunguka. Hakuna mchi uliosimama, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akitwanga. Nyuma ya kila dirisha alihisi watu wanapumua, wanangoja apite.

Aliporudi, Mize alikuwa kisimani. Alikuwa amewalaza wote mstari mmoja, mumewe na mama mkwe bega kwa bega, akaurarua ukaya wake wa kichwani vipande ili kila uso upate kufunikwa, na kwa sababu kitambaa hakikutosha, wengine walikuwa wamefunikwa macho tu. Mkame alikaa karibu naye, si karibu sana.

"Mwanangu."

Mize alikuwa anafukuza inzi.

"Mize, ningejua..."

"Wawili walikataa kutoka," alisema Mize. "Niliwaambia ni baba yangu. Niliwabembeleza, baba. Nilimsukuma mmoja mgongoni, hivi." Akanyoosha kiganja chake akakitazama. "Mimi ndiye niliyewatangazia. Wewe ulitangaza kwa mlango tu."

Hapo Mkame alitaka kulia, na machozi hayakuja, kama mtu aliyebisha hodi kwake mwenyewe asifunguliwe.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Iache pembe hapa. Hii si kazi ya pembe. Nenda mlango kwa mlango, kwa wafiwa wenyewe, uwaambie. Kwa jina, mmoja mmoja. Wasije wakasikia kwa wapita njia."

"Na wewe?"

"Nitakaa nao mpaka wenyewe waje."

Akaivua pembe begani, akailaza chini. Bega lilibaki na alama ya ukanda, mfereji wa miaka thelathini na mmoja. Akaenda mikono mitupu, na njia ikamwia ngeni, maana hakuwa amewahi kuipita bila kuwa na kitu cha kusema kilichotoka kwa mtu mwingine. Sasa alikuwa na neno lake mwenyewe. Ameliona kwa macho yake. Hakuna aliyempa, hakuna wa kumwuliza kama ni kweli. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alibeba mzigo ulio wake, na akaona kwamba huu ndio mzito.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama yake Zaliha, Mwana Shungu, mjane msuka mikeka, mlango wa tatu baada ya msikiti. Akabisha.

"Hodi."

"Nani?" Sauti ilitoka karibu sana, kama aliyekuwa amekaa ameegemea mlango.

"Ni mimi. Mkame."

"Unataka nini?"

"Nimekuja bila pembe, Mwana Shungu. Sikutumwa na mtu. Nifungulie."

"Sifungui."

"Basi sikia hapo hapo ulipo." Akaweka kiganja juu ya mbao. Alitaka maneno yatoke taratibu, lakini sauti yake ilikuwa imezoea njia moja tu ya kutoka, ikatoka pana, wazi, ya kusikika mtaa mzima. "Zaliha amefariki. Yuko kisimani, pamoja na wengine. Nimemwona kwa macho yangu."

Akangoja. Alikuwa amepeleka habari za misiba miaka mingi, alijua kinachofuata: kwanza pumzi kuingia, kisha kile kilio kinachoanzia tumboni. Pumzi aliisikia. Iliingia, ikakaa. Kisha ikatoka polepole, ndefu, kama ya mtu aliyetuliwa mtungi kichwani.

"Alhamdulillahi," alisema Mwana Shungu.

"Mwana Shungu?"

"Mmesikia huko ndani?" Alikuwa hasemi naye tena, amegeukia wenzake, na sauti yake ilitetemeka kwa furaha. "Ni Mkame huyo. Amesema mfalme wa zamani amerudi, hajarudi. Amesema amani, tukasikia bunduki. Sasa anasema mwanangu amekufa." Akacheka, au akalia, ilikuwa vigumu kutenganisha. "Basi mzima! Wallahi mwanangu mzima!"

"Mwana Shungu, naapa kwa Mungu, ni kweli..."

"Apa! Apa sana, Mkame! Ongeza!"

Watu wengine wakacheka ndani, kicheko cha watu waliokuwa wamezuia pumzi tangu fujo zilipoanza. Mkame akaegemeza kipaji cha uso mlangoni. Milango mingine ilikuwa inamngoja, na katika kila mmoja mtu ameketi anasikiliza. Huko ndani akasikia kuni zikivunjwa gotini, na chungu kikitelekwa mekoni.

"Atakuja na njaa huyo," sauti ya Mwana Shungu ilisema. "Mtilieni nazi ya kutosha."